Mikuki Kwenye Chanzo

Mchezo ule wa vita vya kale ulikuwa na uzuri wake na ubovu wake. Uzuri wake nusura uninyang'anye maji, na ubovu wake ndio ulionirudishia. Kwa hiyo nikisikia vijana wanausifu nanyamaza, na nikisikia wazazi wanautukana nanyamaza vilevile.

Ulikuwa dukani kwa Salama, pale Same, ng'ambo ya stendi. Salama ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, mpaka lilipouzwa na watu wakapunguzwa. Akanunua kompyuta mbili za mitumba, akawa anawachapia watu barua. Barua hazikumshibisha, akaweka mchezo. Akaziunga kompyuta zake kwa waya, ili watu wawili waweze kupigana bila kurushiana mate.

Mimi nilikuwa nateremka kila siku ya gulio na tangawizi yangu. Kahawa tulikuwa tumeshaing'oa, bei ilipokuwa ya kututania. Nikishauza nakaa kwenye benchi la Salama kusubiri Landrova ya kupanda mlimani, na Landrova zetu haziondoki mpaka mtu wa mwisho akalie goti la mtu wa kwanza. Humo kwenye kusubiri ndimo nilimojifunzia. Siku moja duka lilikuwa tupu, Salama akanipa kipanya, nikakishika kama nashika kifaranga.

"Bonyeza, shangazi. Hakiumi."

Nikabonyeza, askari wangu ishirini wakatumbukia mtoni. Ndivyo nilivyoanza.

Nikaja kuuelewa. Ulikuwa na akili ule mchezo. Ukikaa juu ya kilima, mishale yako inafika mbali na ya adui inachoka njiani. Askari wake wana woga kama watu: wakiona wenzao wa pembeni wanakimbia, nao wanatupa ngao. Hilo lilinipendeza kuliko yote, maana michezo mingi huwafanya askari wote mashujaa, na mimi niliolewa na askari, nawajua.

Ubovu wake sasa. Jeshi zima halili. Halinywi. Linatembea kutwa nzima na hakuna mwanamke hata mmoja anayelipikia. Na ukilipitisha mahali pembamba, langoni au kwenye korongo, linaziba. Wanasukumana, wanageukageuka palepale, hakuna anayempisha mwenzake. Vijana walikuwa wanatukana wakifika hapo. Mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimeona stendi ya Same siku ya Krismasi.

Mwaka huo mvua za vuli ziligoma. Kijijini kwetu, mlimani juu ya kijiji cha Kisiwani, tunamwagilia kwa ndiva. Ndiva ni bwawa letu la toka enzi za mababu: maji ya kijito yanakusanywa humo usiku, asubuhi kizibo kinafunguliwa, na kila mtu ana zamu yake. Zamu yangu ya tangawizi ilikuwa Jumatano, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Lakini Jumatano zangu zilikuwa zimeanza kukonda. Nikifika mferejini nakuta maji ya kunawia uso. Tangawizi ikaanza kujikunja majani. Kamati ilikagua kizibo, ikakagua kingo, ikasema ni fuko wanatoboa chini. Tukawasingizia fuko mwezi mzima.

Juu ya hilo likaja la Isihaka. Huyu alikuwa mtu wa kijiji cha Bendera, mfanyabiashara, mcheshi, mwenye pikipiki nyekundu. Alinunua shamba lililopakana na langu, akadai aliyemuuzia alikuwa na haki katika Jumatano yangu. Tulibishana mbele ya kamati hadi mwenyekiti, Mzee Tumainieli, akachoka. Alisema, "Nendeni mkapatane ninyi wenyewe. Mniletee neno moja, nami nitalisimamia." Tumainieli nilikaa naye dawati moja darasa la kwanza mpaka la nne. Hata enzi hizo hakupenda kelele.

Sasa siku moja ya gulio tukakutana wote dukani kwa Salama. Tumainieli alikuja kuchapisha katiba ya kamati, kwani ofisi za siku hizi hazitambui maji mpaka yaandikwe kwa mashine. Isihaka alikuja kucheza. Alikuwa bingwa wa pale. Alikuwa amemaliza kumchapa fundi redio mmoja, akaniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeua wangapi leo?"

"Wote. Mama, ile Jumatano niachie tu kwa heri. Au tuipiganie humu." Akaipiga kompyuta kofi la mapenzi. Watu wakacheka.

"Tuipiganie," nikasema.

Kicheko kikakatika. Salama akanivuta kitambaa. "Shangazi, usifanye utani na maji."

Sikuwa natania. Hebu fikiri: kama ningeendelea kubishana, ningebishana na Jumatano iliyokonda mpaka tangawizi ife shambani, na tangawizi ile ndiyo ilikuwa chumvi yangu, mafuta yangu ya taa na dawa zangu. Kwenye mchezo angalau nilijua kilima ni kilima.

Tumainieli akavua miwani. "Mnapatana hivyo? Atakayeshinda anachukua Jumatano nzima?"

"Tunapatana," akasema Isihaka, meno nje.

"Veneranda?"

"Umesema tukuletee neno moja. Neno ndilo hilo."

Salama akatuchagulia nchi: mji wenye ukuta juu ya kilima, mbele yake tambarare, nyuma yake mlima wenye kijito kinachoteremka katika korongo. Mimi nikapewa mji. Isihaka akapewa tambarare na farasi wengi. Akiingia langoni na kuishika bendera yangu katikati ya mji, nimekwisha. Akiishiwa askari kabla, kakwisha yeye.

Nikapanga wapiga mishale ukutani. Nikapanga wakulima wangu wabebe mawe. Halafu nikawachukua watu wangu wa mikuki, wale wenye ngao ndefu, walio bora kuliko wote, nikawapandisha nyuma ya mji, juu kabisa, kijito kinapoanzia. Nikawasimamisha pale. Moyo wangu ukatulia.

Salama akainama sikioni. "Shangazi, kule umewapeleka kufanya nini?"

"Kulinda maji."

"Maji yale ni rangi tu. Watu wa mle hawanywi."

Nilikuwa nalijua jambo hilo, nimelicheka kutwa! Lakini mkono ulienda wenyewe. Mtu wa kwetu akiambiwa linda mji, anaanza na chanzo. Nami nilikuwa nimeliacha lango na watu dhaifu, na vumbi la farasi wa Isihaka lilikuwa limeshaonekana bondeni.

Akaja kama mafuriko. Wapiga mishale wangu walimpunguza, kilima kikanisaidia, lakini alikuwa na gogo la kuvunjia lango. Dum. Dum. Kompyuta ya Salama ilikuwa na spika mbovu, kila pigo likawa kama mtu anakohoa. Watu walikuwa wameacha kununua fotokopi, wamesimama nyuma yetu. Niliwaamuru watu wa mikuki warudi, lakini kutoka kule juu ni mbali.

Hapo Isihaka akafanya jambo la ajabu. Lango lilikuwa limeshapasuka. Angeingiza farasi wake wote na mchezo ungeisha hapohapo. Badala yake mpanda farasi wake mmoja aliyezunguka nyuma akaiona mikuki yangu ikitoka kwenye chanzo. Isihaka akaganda. Akaangalia. Halafu akawachomoa farasi wake wote langoni, farasi bora kabisa, akawapeleka nyuma ya mlima, wakapite kule kwenye korongo, wachukue chanzo.

"We Isihaka, unaenda wapi?" akapiga kelele fundi redio. "Lango liko wazi!"

"Nyamaza. Najua ninachofanya."

Farasi wakaingia korongoni wakaziba, kama kawaida yao. Mikuki yangu ikawashukia. Walikufa wakigeukageuka, hawapishani. Nikaanza kupumua. Nikaona Jumatano yangu inarudi na majani yake mabichi. Lakini na watu wangu wa mikuki walikuwa korongoni humohumo, wamenasa katikati ya farasi, hawawezi kushuka kuokoa mji. Askari wa miguu wa Isihaka wakapita langoni mmojammoja. Walinzi wangu dhaifu wakaona wenzao wanakimbia, wakakimbia nao. Bendera ikaanguka.

Nimeshindwa.

Isihaka alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti, anapeana mikono na kila mtu. Fundi redio hakuridhika. "Umeshinda kwa bahati. Kwa nini umeacha lango ukakimbilia juu?"

"Wewe hujui maji," akasema Isihaka huku anacheka, amelewa ushindi. "Ukishika juu, umeshika kila kitu. Wale wa bwawani wanakaa wanakodolea kizibo. Juu ya bwawa hapandi mtu."

Duka liliendelea na kelele. Mimi nikaiangalia kompyuta yangu. Mle mlikuwa na mlima, korongo, kijito na mji uliotekwa. Bwawa halikuwamo. Kizibo hakikuwamo.

Nikainua macho. Tumainieli naye alikuwa anaiangalia kompyuta, kinywa wazi kidogo, miwani mkononi. Akaniangalia. Tulipokuwa darasa la tatu tulikuwa tunaibiana majibu ya hesabu kwa macho tu, mwalimu asione. Sikujua kama bado tunaweza.

"Haya," akasema taratibu, "Jumatano ni ya Isihaka. Mimi naenda kutafuta betri za redio." Akavaa kofia akatoka. Kupitia dirishani nikamwona anavuka barabara. Hakwenda dukani kununua betri. Alipanda Landrova.

Landrova haikuwa imejaa.

Isihaka akachukua kofia yake ya pikipiki. "Basi mama, usikasirike. Mimi napanda shambani, nikamwagilie."

Kama angeondoka wakati ule, angemtangulia Tumainieli kwa mbali. Lolote alilokuwa nalo juu ya bwawa lingeng'olewa na kufukiwa, na mimi ningebaki mwanamke mzee aliyecheza kamari ya maji akashindwa.

"Nenda," nikasema. "Hata marehemu mume wangu alikuwa akishinda mara moja anakimbilia nyumbani kulala."

Watu wakaangua kicheko. Isihaka akasimama mlangoni.

"Unataka marudiano, mama?"

"Nina zamu ya Jumamosi asubuhi. Ile ya migomba."

"Shangazi!" Salama alikuwa karibu kulia.

Nilikuwa nimebakiwa na hiyo tu. Isihaka akaitundika kofia yake kwenye kompyuta na kukaa.

Safari hii sikujali chanzo, wala sikujali kushinda. Nilikuwa na mikokoteni ya ng'ombe ya kubebea mawe. Nikaipanga yote langoni, ng'ombe kwa ng'ombe, pembe kwa mkia, nikaacha. Jeshi la Isihaka lilipofika likaziba. Safu ya kwanza ikageukageuka, ya pili ikaisukuma ya kwanza, gogo la kuvunjia likakwama katikati kama jeneza lililokosa njia. Akiua ng'ombe mmoja, nasukuma mwingine. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyekufa, hakuna lililotokea.

"Mama, huu si mchezo. Huu ni uhuni."

"Ondoka basi. Ukawaambie Bendera umeshindwa na ng'ombe."

"Huu ni ubovu wa kompyuta!"

"Mbona farasi wako walipokufa hukusema ubovu?"

Akauma meno, akaendelea. Kila nilipopata nafasi nilichungulia dirishani. Landrova bado ipo. Utingo anaita. Mama mmoja na kuku wake akapanda. Bado ipo. Mgongo wangu ukawa unawaka, kidole kimekufa ganzi kwenye kipanya. Halafu lori la saruji likasimama mbele likanizibia. Lilipoondoka, Landrova haikuwepo.

Nikaendelea kusukuma ng'ombe mpaka kivuli cha nguzo ya umeme kikahamia upande wa pili wa barabara. Mwishowe waliisha. Ng'ombe wa mle hawazai, nao ni ubovu mwingine. Isihaka akaingia mjini akaishika bendera, safari hii bila kushangilia, macho mekundu.

"Jumatano na Jumamosi," akasema. Akaniangalia nilivyokaa pale, nadhani akaona haya kidogo. "Panda pikipiki, mama. Nikufikishe. Landrova imeshaondoka."

Salama alinitikisia kichwa nisiende. Nikaenda. Nilifikiri, nikiwa mgongoni kwake angalau nitaona anapoelekea.

Mpaka Kisiwani nilikuwa nimefumba macho. Nikayafumbua aliposimamisha. Landrova ilikuwa pembeni mwa barabara, boneti wazi, abiria wamekaa chini ya kivuli chake. Nikawapitisha macho mmojammoja. Tumainieli hakuwepo.

"Poleni," akasema Isihaka. "Mmekwama toka saa ngapi?"

"Toka zamani," akajibu mama wa kuku. "Mzee wa maji kakata tamaa, kapanda kwa miguu. Njia ya mkato. Na umri ule!"

Nilikuwa nimemshika Isihaka kiunoni, nikahisi mwili wake ukikakamaa.

"Mzee wa maji? Tumainieli? Si alienda kununua betri?"

"Labda kazikosa," nikasema.

Pikipiki iliruka. Tulianza kupanda mlima kwa mwendo ambao sijawahi kuuona wala sitaki kuuona tena. Kila kona mguu wangu ulikuwa unaning'inia juu ya bonde. Nilijua tunamkimbilia nani. Njia ya mkato ni kali, na Tumainieli ana goti bovu. Kwa mwendo ule tungefika kwanza.

"Isihaka mwanangu," nikampigia kelele sikioni, "simama."

"Tumekaribia mama!"

"Simama nijisitiri. Au unataka tukafike kijijini umelowa mgongo?"

Kwetu unaweza kumnyima mzee maji, lakini hilo huwezi kumnyima. Akafunga breki, akisonya. Nikashuka, nikajikongoja mpaka nyuma ya kichaka, nikachuchumaa. Nikakaa.

"Mama?"

"Ngoja."

Nikasikia anawasha, anazima. Anawasha, anazima. Nilikuwa namwomba Mungu awe na mpango, kwani mimi wa kwangu ulikuwa umeishia pale kichakani. Je, kama Tumainieli ameanguka? Je, kama hakuniibia lile jibu, akapanda tu kwenda kulala kwake? Huenda Isihaka alisema bwawa kwa sababu kila anayelima kwetu hufikiri bwawa, kama mimi na mikuki yangu. Ningekuwa nimepoteza zamu zote mbili kwa kukisia.

"Mama, nakuacha!"

"Niache uone wajukuu zangu watakachokufanya!"

Hapo pembe likalia.

Kwetu pembe likipigwa ni msaragambo, kila mwenye mikono anaitwa kazini, asiyetokea anatozwa. Hupigwa asubuhi, na hutangazwa kabla. Lakini hili lilikuwa linalia jua likiwa linaelekea magharibi, tena halikutokea uwanjani. Lilikuwa linatokea juu, juu ya bwawa, kwenye chanzo. Likalia tena. Nikasikia milango, mbwa, watu wanaitana kutoka kilima hadi kilima.

Nikatoka kichakani nikijipanga khanga. Isihaka alikuwa amezima pikipiki. Alikuwa anaangalia juu, na uso wake ulikuwa umeporomoka kama lile lango.

"Wanaitiwa nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wewe ndiye unayejua huko juu kuna nini."

Upande mmoja barabara ilikuwa inateremka Kisiwani, na pikipiki yake ilikuwa na mafuta. Nilimwona anaiangalia. Nikaogopa kweli, kwani tulikuwa wawili tu na bonde lilikuwa karibu.

"Mpira," akasema mwishoni. "Nimelaza mpira mweusi wa maji chini ya magugu. Si mkubwa, mama. Nilisema kidogo tu, mpaka mvua."

"Tangawizi yangu nayo ilikuwa inasema kidogo tu, mpaka mvua."

"Watanifanya nini?"

"Ukienda mwenyewe, faini na jembe. Ukifuatwa Bendera, sijui. Washa."

Akawasha. Tulipanda polepole, nami sikumshika kiuno tena, nilishika chuma.

Tumainieli tulimkuta amekaa juu ya jiwe, pembe mapajani, goti limevimba kama boga, na ule mpira umeviringishwa miguuni pake kama chatu aliyekufa. Kijiji kizima kilisimama. Isihaka aliteremka akauendea umati mwenyewe. Hilo nampa.

Kamati ilimnyima zamu msimu mzima, maana mwizi wa maji hana siku. Jumatano yangu na Jumamosi yangu, alizozishinda kihalali, zikarudi kwa kamati. Nilidhani watanirudishia zote. Tumainieli akasema mtu aliyeweka maji kamari hawezi kupewa yote mkononi, nikarudishiwa Jumamosi, na Jumatano nikaigawana na jirani wa chini. Nilimtukana kwa Chasu, lugha yetu ya mlimani, akacheka. Lakini maji yaliyokuja Jumatano hiyo, ile nusu yangu, yalikuwa yamejaa mfereji mpaka kwenye kingo. Tangawizi ikanyanyua majani.

Salama alinieleza baadaye kwamba ule mchezo umetengenezwa upya. Sasa jeshi halizibi tena langoni, wanapishana vizuri, na askari wanakula.

"Na maji?" nikamuuliza.

"Maji bado rangi tu, shangazi."

Nikamwambia asinifungulie.